Uvumi wa Afya Si Mtoto wa Ujinga

Katika mijadala ya afya ya umma Afrika Mashariki na Kati umejengeka msimamo ambao hurudiwa katika warsha, bungeni na katika tahariri za magazeti pasipo kuhojiwa: kwamba habari za uongo kuhusu magonjwa, chanjo na dawa husambaa kwa sababu wananchi wengi hawana elimu, kwamba simu za mkononi zimeuongezea ujinga huo kasi, na kwamba tiba yake ni kumwelimisha mwananchi kwa upande mmoja na kumwadhibu mzushi kwa upande wa pili. Msimamo huo una mvuto wake, kwa kuwa humweka mtaalamu upande wa nuru na mwananchi upande wa giza, na kwa kuwa haumdai chochote yule anayeutoa. Makala hii inashikilia kwamba msimamo huo una kasoro katika msingi wake: uvumi wa afya hustawi pale ambapo wenye dhamana ya kusema kweli wamenyamaza, wamechelewa, au wamewahi kusema uongo wakajulikana, na kampeni inayoanza kwa kumnyooshea kidole msikilizaji kabla ya kumchunguza msemaji huukuza uvumi uleule inaodai kuupiga vita.

Kabla ya kuijenga hoja hiyo yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa. Habari potofu ni taarifa isiyo sahihi inayosambazwa na mtu anayeiamini, kama mama anayemtumia dada yake ujumbe kwamba maji ya moto yenye ndimu huua virusi. Habari za hila ni uongo unaotungwa na mtu anayejua kuwa ni uongo, kwa ajili ya fedha, siasa au umaarufu. Na uvumi ni maelezo ambayo hayajathibitishwa wala kukanushwa, ambayo watu huyaunda na kuyapima wao kwa wao wanapokabiliwa na jambo zito lisilo na maelezo rasmi ya kuaminika. Wa kwanza kati ya hao watatu, yaani mwenye habari potofu, anahitaji kusahihishwa, wa pili anahitaji kuzuiwa, na wa tatu anahitaji kujibiwa. Msimamo unaopingwa hapa huwatia wote katika fungu moja, ukawaita wazushi, na kwa hiyo huagiza dawa moja kwa magonjwa matatu.

Dai la ujinga huanguka mara tu linapopimwa kwa historia. Uongo wa afya uliosafiri mbali kuliko karibu wote katika miongo ya karibuni, ule unaoihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto, haukuzaliwa kijiweni wala sokoni. Ulichapishwa mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza, na mwandishi wake mkuu, Andrew Wakefield, alikuwa daktari katika hospitali ya kufundishia jijini London, aliyeyajenga maelezo yake juu ya watoto 12 tu. Jarida hilo liliifuta makala mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza mwaka huohuo, lakini katika miaka 12 iliyopita katikati wazazi wengi waliosoma hadi chuo kikuu, katika nchi zenye maktaba na maabara za kila namna, walikwisha kukataa kuwachanja watoto wao. Afrika Kusini, ambako Rais Thabo Mbeki alitilia shaka hadharani kwamba VVU ndivyo chanzo cha UKIMWI na waziri wake wa afya akawa anasifu vitunguu saumu na viazisukari vyekundu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kucheleweshwa kwa dawa za kufubaza virusi kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Nchini Kenya nako, mwaka 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwa shangwe Kemron, dawa ya kinywani yenye kiasi kidogo cha intaferoni iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, kuwa ni ushindi dhidi ya UKIMWI, ilhali majaribio yaliyofanywa baadaye hayakuona manufaa yake. Katika mifano yote mitatu uongo ulitoka juu ukashuka chini, tena ukiwa umevaa koti jeupe au nembo ya dola.

Watetezi wa dai la ujinga hupenda kujibu kwa kutaja Loliondo, lakini mfano huo nao ukichunguzwa husema kinyume cha wanavyotaka. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kilichotolewa kwa shilingi 500 na Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa wengi kama Babu, na msururu wa magari ukafika urefu wa kilomita nyingi kiasi kwamba wagonjwa kadhaa walifia njiani wakisubiri zamu. Walioonekana katika msururu huo hawakuwa wakulima na wafugaji peke yao, bali pia mawaziri, wabunge, wafanyabiashara na wasomi, pamoja na wageni kutoka Kenya na nchi nyingine jirani. Magonjwa waliyoyapeleka yalikuwa kisukari, shinikizo la damu, saratani, pumu na VVU, yaani yaleyale ambayo hospitali huyasimamia kwa miaka bila kuyamaliza, kwa gharama ya kudumu na kwa mahudhurio yasiyo na ukomo. Hakuna cheti kinachomkinga mtu dhidi ya matumaini ya kupona kwa kikombe kimoja, na kosa kubwa la mwaka huo halikuwa la waliopanga foleni, bali la wenye mamlaka ambao, badala ya kuwaambia wagonjwa waziwazi kwamba kuacha dawa za hospitali kabla ya ushahidi kungeweza kuwaua, walitoa kauli za nusunusu juu ya usalama wa mizizi, na wengine wao wakanywa mbele ya kamera.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, hata hivyo, umo katika historia ya UVIKO-19 nchini Tanzania, kwa sababu hapo jaribio lilifanyika lenyewe mbele ya macho ya watu. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali ilisimamisha utoaji wa takwimu za kitaifa, na hesabu rasmi ikaja kubaki wagonjwa 509 na vifo 21. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zilionesha maambukizi, na mwezi Juni nchi ikatangazwa kuwa haina tena korona. Januari 2021, akiwa Chato, Rais alizionya mamlaka za afya dhidi ya kukimbilia chanjo za kigeni. Katika miezi hiyo watu waliendelea kuzika ndugu zao waliokufa kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, na kwa kuwa hapakuwa na idadi rasmi, kila mtaa ulijitungia yake. Uvumi uliofuata, kuhusu nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, kuhusu chanjo zinazobadilisha vinasaba, kuhusu njama za mabeberu, haukuwa ushahidi wa upungufu wa akili, kwa kuwa mwananchi aliyesikia kutoka kwa kiongozi mkuu wa nchi kwamba vipimo ni vya kutiliwa shaka na chanjo ni hatari alikuwa akifanya kile hasa ambacho kampeni za afya humtaka afanye: alisikiliza mamlaka.

Kisha sauti ya juu ikabadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu Aprili 2021, akachanjwa hadharani tarehe 28 Julai mwaka huohuo, na takwimu zikaanza kutolewa tena. Mwanzoni mwitikio ulikuwa hafifu, jambo lisiloshangaza baada ya mwaka mzima wa kauli za kinyume, na mapema mwaka 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa bado asilimia ndogo sana ya wananchi. Lakini huduma iliposogezwa hadi minadani, misikitini, makanisani na mlango kwa mlango, na wahudumu wa afya wa jamii, ambao ni majirani wa watu wanaowahudumia, walipopewa nafasi ya kujibu maswali ana kwa ana, zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamechanjwa ilipofika mwaka 2023. Kiwango cha elimu ya taifa hakiwezi kubadilika kwa kiasi hicho katika miezi 18, na simu zilikuwa zilezile, na makundi ya WhatsApp yaleyale. Kilichobadilika ni mwenendo wa wenye dhamana, na nadharia isiyoweza kuyaeleza mabadiliko hayo haistahili kuongoza sera.

Wanaotetea ukimya wa serikali wana neno lao, nalo ni taharuki. Hudai kwamba taarifa za mlipuko zikitolewa mapema watu watapatwa na hofu, watalii watakimbia na biashara itayumba, na kwa hiyo busara ni kusubiri. Dai hilo si la kipuuzi, kwa sababu hasara ya kiuchumi huwa ya kweli na nchi za Afrika zimewahi kuadhibiwa kwa kusema kweli, kama ilivyokuwa Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipotangaza aina mpya ya kirusi iliyoitwa Omikroni na mataifa tajiri yakajibu kwa kufunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Lakini kinachopaswa kupimwa ni kama ukimya huleta utulivu, na rekodi yaonesha kwamba hauleti. Machi 2023 Tanzania ilitangaza yenyewe mlipuko wa Marburg, homa kali inayosababisha kutokwa na damu, mkoani Kagera, na mlipuko huo ukatangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni bila nchi kusimama. Januari 2025 mambo yalikwenda kinyume: Shirika la Afya Duniani lilieleza tarehe 14 kwamba kulikuwa na wagonjwa walioshukiwa mkoani huohuo, Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonesha ugonjwa, na tarehe 20 Rais akathibitisha, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, kwamba maambukizi yalikuwapo. Ugonjwa ulidhibitiwa mara zote mbili, ila mara ya pili mkazi wa Biharamulo alifundishwa kwamba kanusho la wizara hudumu chini ya wiki moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika afya ya umma aumbukaye hupoteza pia uwezo wa kuaminiwa siku atakapokuwa na habari njema.

Upo upande wa pili wa jambo hili ambao wataalamu hupenda kuuruka, nao ni kwamba watu wana kumbukumbu. Uvumi wa mumiani, wa watu wanaosemekana kunyonya damu ya wapita njia kwa ajili ya kutengeneza dawa, ulienea pwani na bara wakati wa ukoloni, na mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, aliuchukulia uvumi wa namna hiyo kama lugha ambayo waliotawaliwa waliitumia kuzungumzia mamlaka iliyochukua miili na nguvu zao bila kuwauliza. Haikuwa lugha isiyo na chanzo. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mmoja wa waasisi wa elimu ya vijidudu, aliwatibu wagonjwa wa malale katika Visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kwa atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoongeza dozi baadhi yao wakapofuka. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer iliifanyia majaribio dawa yake ya Trovan kwa watoto wapatao 100 katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, katika mazingira ambayo wazazi walidai hawakuelezwa kuwa ni majaribio, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulilipa jimbo hilo dola milioni 75 kumaliza kesi. Kano ndiko hasa chanjo ya polio ilikosusiwa mwaka 2003 na 2004, mgomo uliokipa kirusi nafasi ya kusambaa tena katika nchi ambazo zilikwisha kukitokomeza. Madai kwamba chanjo ile ilikuwa na dawa za kufunga uzazi yalikuwa ya uongo, na watoto walilemaa kwa sababu yake. Lakini shaka iliyoyabeba ilikuwa na hati ya mahakama nyuma yake, na aliyekuja kuwaambia wazazi hao kwamba wanahofu bure ndiye aliyekuwa hajasoma historia.

Mashariki ya Kongo ilitoa somo hilohilo kwa bei kubwa zaidi. Mlipuko wa Ebola ulioanza Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri uliendelea hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287, ingawa safari hiyo, tofauti na milipuko mingi ya nyuma, chanjo yenye nguvu ilikuwapo tangu mwanzo. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018 na kuchapishwa mwaka uliofuata ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo, na kwamba chini ya theluthi moja waliiamini mamlaka ya eneo lao kuwatetea. Wasioamini mamlaka ndio waliokuwa wazito kuikubali chanjo. Desemba mwaka huo tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, huku Rais wa nchi akichaguliwa na wengine tarehe 30 Desemba. Siku iliyofuata tangazo la kuahirisha kura waandamanaji walikivamia kituo cha kupokelea walioshukiwa kuugua mjini Beni. Watu ambao ndugu zao walikuwa wameuawa kwa mapanga kwa miaka bila dunia kuwashughulikia waliona misafara ya magari mapya, hoteli zilizojaa na fedha zikigawiwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakauita biashara ya Ebola, na mwaka 2021 tume huru ikathibitisha kwamba baadhi ya wafanyakazi wa operesheni hiyo, wakiwamo wa Shirika la Afya Duniani, walituhumiwa kwa ushahidi kuwadhulumu wanawake kingono kwa ahadi za kazi. Hakuna kipeperushi chenye picha za virusi kinachoweza kujibu malalamiko ya namna hiyo, kwa kuwa hayakuhusu virusi.

Inabaki dawa ya pili ya msimamo uliozoeleka, yaani adhabu. Kenya ilitunga mwaka 2018 sheria ya makosa ya kompyuta iliyoweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa baadhi ya habari za uongo, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2020 zilikataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Ubaya wa sheria za namna hii ni kwamba mwamuzi wa ukweli huwa ni yuleyule ambaye ukweli waweza kumwaibisha. Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake mwishoni mwa 2019 kuhusu homa ya mapafu isiyojulikana, aliitwa na polisi Januari 2020 akatakiwa kusaini karatasi ya kukiri kwamba ameeneza uzushi. Alifariki kwa ugonjwa huo mwezi uliofuata, na onyo lake likawa ndilo lililokuwa taarifa sahihi. Sheria ya uzushi ikitumika katika siku za mwanzo za mlipuko, wakati mamlaka yenyewe haijajua, humnyamazisha kwanza muuguzi wa zahanati aliyeona wagonjwa watatu wenye dalili zisizofanana na malaria, kwa sababu yeye ana kazi ya kupoteza, na humwacha tapeli mwenye akaunti tano za majina ya bandia.

Hii haimaanishi kwamba matapeli waachwe. Anayeuza mchanganyiko wa majani kwa kudai unaponya saratani na kisukari, anayelipia tangazo la redio kuuza vidonge visivyosajiliwa, na anayemshawishi mgonjwa wa VVU kutupa dawa zake kwa sababu ameombewa, hao hufanya biashara ya mauti na wanastahili mkono wa sheria. Lakini sheria inayowahusu iko tayari, nayo ni sheria ya dawa, ya matangazo na ya kumlinda mlaji, na kinachohitajika ni mamlaka za udhibiti kama TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, kuwa na wakaguzi wa kutosha na ujasiri wa kumfikia hata mfanyabiashara mwenye marafiki wakubwa. Kadhalika si kweli kwamba mitandao ya kijamii haina lawama, kwa kuwa kampuni zake hupata fedha kwa kila kinachotazamwa, na zimewekeza kidogo katika kusimamia maudhui ya Kiswahili zikilinganishwa na ya Kiingereza. Ila mtandao huongeza mwendo wa maneno bila kuamua nani ataaminiwa, na pale ambapo wizara huaminiwa, mtandao uleule huubeba ujumbe wake.

Wala elimu haidharauliwi hapa. Kinachopingwa ni elimu inayomchukulia mwananchi kama chombo kitupu cha kujazwa, ilhali amekuja na swali mahususi. Kampeni ya chanjo ya pepopunda nchini Kenya mwaka 2014 ilionesha tofauti hiyo. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ilitiwa homoni ya kuzuia mimba, maswali waliyoyauliza watu yalikuwa yenye mantiki: kwa nini wachanjwe wanawake wa miaka 14 hadi 49 pekee, na kwa nini dozi nyingi? Jibu lilikuwapo na lilikuwa rahisi, kwamba pepopunda huua vichanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, kwamba kinga humfikia mtoto kupitia damu ya mama, na kwamba dozi kadhaa hujenga kinga ya muda mrefu. Lakini lilianza kutolewa kwa nguvu baada ya tuhuma, likasikika kama utetezi badala ya maelezo. Hali kadhalika chanjo moja ya UVIKO-19 iliyotolewa kwa wingi katika kanda hii ilijulikana tangu Aprili 2021 kuwa huweza, kwa nadra sana, kusababisha damu kuganda, na mchanjwaji aliyelisikia hilo mtaani kabla ya kulisikia kituoni alikuwa na haki ya kujiuliza ni nini kingine kilichofichwa.

Kutokana na hayo, sera ya kupambana na habari potofu inapaswa kugeuzwa kichwa chini miguu juu. Wizara ya afya itoe takwimu za mlipuko kwa ratiba inayojulikana, ziwe nzuri au mbaya, na iseme bila aibu kile ambacho bado haijakijua. Maabara ya taifa ilindwe kisheria dhidi ya kuingiliwa na wanasiasa. Madhara ya dawa na chanjo yatajwe na mtoa huduma kabla hayajatajwa na mpinzani wake. Mhudumu wa afya wa jamii alipwe mshahara badala ya kupewa fulana, kwa sababu ndiye anayeulizwa swali la kwanza. Na taasisi iliyowadhulumu watu ikiri, ilipe, kisha ndipo iombe kusikilizwa. Mafanikio ya sera hiyo yasipimwe kwa idadi ya semina zilizoendeshwa wala ya vijana waliofikishwa mahakamani, bali kwa kipimo kimoja kinachoweza kukaguliwa na bunge na kila mwandishi wa habari: ni siku ngapi zilipita kati ya mamlaka kujua na wananchi kuambiwa. Serikali ambayo iko tayari kuitangaza idadi hiyo baada ya kila mlipuko itakuwa na haki ya kumkemea mzushi, na ile isiyo tayari haina budi kuanza kujikagua yenyewe.